Mbuzi wa Kuokoa Kyumbi Shujaa

Jumatatu, 24 Machi
Tumefungwa tena. Sita bila! Kyumbi Shujaa, timu niliyoianzisha mwenyewe, imemaliza ya mwisho. Kanuni ya ligi yetu inasema wa mwisho anatoka. Kanuni hiyo niliipendekeza mimi, nikidhani itamtoa Wathome. Wathome ameongoza! Ni katekista wa parokia na meneja wa timu ambayo haijafungwa hata mara moja. Alinipa pole mbele ya vijana wangu. 

Jumanne, 25 Machi
Nimepata dawa! Kitabu cha historia ya mpira wa Uingereza, maktaba ya mjini. Msimu wa kwanza kabisa wa ligi yao, ulioanza 1888, timu nne za mwisho hazikufukuzwa. Ziliomba kurudi, wenzao wakapiga kura, zote zikarudi. Nilikimbia kwa mwenyekiti Ndeti, kitabu kwapani. Alisema kama wenye mpira walifanya hivyo, sisi ni nani? Kura ni Jumamosi asubuhi. Mameneja saba watapiga. Mwombaji hapigi. Haidhuru, nitawalisha.

Jumatano, 26 Machi
Nimemwomba mke wangu Nthambi mbuzi wake mweupe. Alikataa. Nikamwambia bila ligi vijana watarudi kushinda barabarani wakicheza kamari. Akakubali, akalia kidogo. Aliuliza kwa nini karamu iwe Ijumaa. Nikamweleza kwamba nyama ikishalala tumboni, kura ya asubuhi haigeuki. Hajui siasa.

Ijumaa, 28 Machi
Balaa! Mbuzi ameiva vizuri, mameneja wote wamefika, na watano wanatazama tu sahani. Wathome akasema, "Musau, kwani hujui hii ni Ijumaa ya Kwaresima? Sisi Wakatoliki leo hatuli nyama." Mimi ni Mprotestanti! Nani angeniambia? Nilijitetea kwamba mchuzi si nyama. Hapo ndipo wote watano waliposimama. Mmoja alisema nimewaita kuwajaribu kama shetani. Waprotestanti wenzangu wawili walimla mbuzi karibu mzima, kisha wakaulizia supu.

Jumamosi, 29 Machi
Wawili walisema tubaki. Watano walisema tutoke. Nililalamika kwamba kitabuni timu zote zilirudishwa. Wathome akakichukua kitabu, akafungua mbele kidogo, akasoma kwa sauti: baada ya msimu wa pili, Stoke ilikataliwa. Nani husoma mpaka huko? Vijana walivua jezi wakanirudishia. Iliniuma sana, siwezi kuficha. Kapteni Mumo akaniuliza: "Kocha, si ungewapikia tu muthokoi wa mahindi na maharagwe?"

Jumapili, 30 Machi
Nimefikiri siku nzima. Waingereza baadaye walianzisha daraja la pili! Nitaanzisha langu, niwe mwenyekiti. Tatizo ni uwanja: ni wa parokia, na ufunguo anao Wathome. Lazima nipatane naye haraka. Nimemwalika nyumbani pamoja na wenzake wanne. Nimechagua Ijumaa Kuu, kwa kuwa ni sikukuu na hakuna atakayesingizia kazi. Tena nimegundua kosa langu: mbuzi ni nyama nzito mno kwa watu wa sala. Nthambi bado hasemi nami, kwa hiyo sijamwambia habari ya kuku wake.