Gunia na Sahani ya Malkia

Jumatatu, 6 Mei
Mama mkwe amesafiri. Ametuachia paka wake, Malkia. Mwembamba, mpole, anakula tonge moja, anatafakari, ndipo la pili. Paka wetu, Gunia, hana muda wa kutafakari. Leo kamaliza sahani yake, kamsukuma mgeni kwa bega, kamaliza na ya pili. Mama mkwe anarudi Jumamosi. Tangu siku ya harusi anasema mimi siwezi kutunza hata kuku. Mke wangu anashauri niwatenganishe, nifunge mlango, basi. Nimemjibu hiyo ni kazi ya bawabu. Mimi ni mtu wa mipango.

Jumanne, 7 Mei
Nimeweka sahani ya Malkia juu ya kabati. Gunia na kitambi kile hawezi kuruka. Na kweli hakuruka. Alipanda kiti, meza, redio, akafika. Malkia akabaki chini ananitazama. Nikambeba juu, akaogopa, akashuka kwa kupitia mgongo wangu. Mke wangu kanipaka dawa kimya kimya. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Huruma, nadhani.

Jumatano, 8 Mei
Leo boksi. Nimelitoboa tundu la saizi ya Malkia, chakula ndani. Gunia akapenyeza kichwa, kisha mabega. Tumbo likagoma, ila mdomo ulishafika kwenye sahani. Akala akiwa amekwama, akashiba, akaanza kutembea na boksi sebuleni. Birika limevunjika. Jirani yetu seremala kasikia kishindo, kaja kulikata boksi. Akauliza kama nyumba yetu haina milango. Sikuipenda sauti yake.

Alhamisi, 9 Mei
Mwizi akishiba haibi. Nimemlisha Gunia samaki mpaka akalala chali. Nilipogeuka kumwekea Malkia, Gunia akaamka, akatapika ndani ya kiatu changu cha kazini, akaja mezani upya na njaa yake. Jioni nilimpakata Malkia. Mbavu zote nazihisi. Hata mke wangu hakucheka.

Ijumaa, 10 Mei
Mambo yameharibika. Nimejifungia bafuni na Malkia, nikamwekea minofu mitupu. Kanusa, kaniangalia, kajilaza. Nikambembeleza. Nikajifanya ninakula. Wapi. Kagoma kabisa, na kesho mwenyewe anakuja. Nimemwambia mke wangu tumepoteza paka wa mama yake. Akasema nikalale.

Jumamosi, 11 Mei
Mama mkwe kafika, kamnyanyua Malkia, kampapasa. Nikafumba macho.
“Mbona tumbo limejaa hivi?” akauliza.
Mke wangu akasema tangu juzi jioni anamlisha chumbani kwetu, mlango umefungwa. Jana kabla sijamwita bafuni, Malkia alikuwa ameshakula mara mbili.
“Na wewe, baba, ulifanya nini?” mama mkwe akaniuliza.
Nikasema nilisimamia mipango.
Mama mkwe akamtazama binti yake kwa muda mrefu, kama anayempa pole.
Amesema safari ijayo atatuletea na kasuku wake. Mke wangu amekataa kabla sentensi haijaisha. Mimi nimekubali papo hapo. Kasuku ana macho makali na mdomo hauchoki. Nitamweka sakafuni, katikati ya sahani mbili, alinde. Gunia akisogea tu, tutasikia. Sioni pa kukosea.