Dawa Tatu, Gego Moja

Jumatatu, 4 Mei
Gego! La chini, kulia. Limeamka kabla yangu. Na Jumamosi ndiyo uchaguzi wa mwenyekiti wa wapangaji wa jengo letu: mimi dhidi ya Kinyozi wa ghorofa ya chini, mtu asiyeweza kunyoosha ndevu, seuze jengo. Hotuba yangu ina kurasa kumi na moja. Mama watoto kasema niende kwa daktari wa meno. Nikamkumbusha kuwa daktari huyo ni shemeji yake Kinyozi. Nimwachamie adui? Thubutu!

Jumanne, 5 Mei
Duka la dawa. Binti wa pale aliniuliza kama nina vidonda vya tumbo, kama ini langu ni zima, kama nakunywa pombe, kama natumia dawa nyingine. Nanunua vidonge au naomba uraia? Nikakana yote. Akanipa pakiti moja ya dawa ya kichwa: viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku, na jino likaangaliwe. Nikaomba na aina nyingine. Akakataa. Udikteta!
Basi duka la pili nikapiga chafya, nikapewa dawa ya mafua. La tatu nikachechemea, nikapewa ya mgongo. Kote waliniuliza kama natumia dawa nyingine. Nikaapa hapana. Majeshi matatu, gego moja.

Jumatano, 6 Mei
Asubuhi, viwili vya kila aina. Gego likanicheka. Saa tano nilikuwa na sita vingine kiganjani, Mama watoto akanidaka mkono. Alikuwa amevaa miwani na kusoma maandishi madogo ya pakiti zote. Akaniuliza, baba watoto, tangu lini mpiga kura mmoja akajiandikisha kwa majina matatu? Dawa ndani ni ile ile!
Akaniburuta hadi kwa binti wa duka la kwanza. Binti akasema sita kwa mpigo ni vingi mno, na sita vingine vingenivusha kikomo cha siku. Akanituma zahanati nikapimwe ini. Nimenusurika. Binti kasema ati ini haliumi linapoharibika, linakaa kimya tu. Nikamjibu siamini kiungo kisicho na msimamo.

Ijumaa, 8 Mei
Shavu limekuwa mpira. Kinyozi aliniona ngazini, akauliza kama hotuba nimeihifadhi humo. Sikulala. Nikamwachamia adui. Daktari kang'oa kwa dakika tano huku akipiga soga. Nilikuwa na hoja nne kali na mdomo umejaa pamba. Kaniagiza nisiseme sana hadi Jumapili. Njama hiyo!

Jumamosi, 9 Mei
Kinyozi alihutubia saa nzima. Zamu yangu nikasimama, nikafumbua mdomo, maumivu yakanichoma hadi sikioni. Nikainamisha kichwa, nikaketi. Makofi! Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya nne akasema hatimaye kapatikana mtu asiyetupotezea muda. Kura ishirini na mbili kwa sita. Nimeshinda!

Jumapili, 10 Mei
Nguvu ya hoja, sina shaka. Nimebandika tangazo langu la kwanza kwenye lango la jengo: Mwenyekiti atatoa ushauri kuhusu dawa za maumivu, viungo vyote, kila jioni. Mama watoto kalisoma mara mbili, akauliza nimesomea wapi. Nikamwambia uzoefu. Ameteremka mbio kumwita binti wa duka la dawa.
Vizuri. Aje ajifunze.