Jinsi Nilivyoipigania Aya ya Tisa

Jumatatu, tarehe 3
Ukumbi uko chini ya ardhi, hauna hata dirisha, na kiyoyozi kinapuliza kana kwamba tumehifadhiwa tusioze. Mataifa chungu nzima tunaandika azimio moja la maendeleo ya jamii duniani. Mimi nakaa nyuma ya Bi Mkuu, kiongozi wa ujumbe wetu. Kazi yangu: kumpa makaratasi na kunyamaza. Makaratasi nampa.

Leo ameikubali sentensi yangu, imeingia aya ya tisa! "Kumtunza mgonjwa au mzee nyumbani ni kazi, na anayeifanya ana haki ya kupumzika." Kusema kweli ni maneno ya mama mkwe. Anamuuguza baba mkwe mwaka wa tatu sasa, na aliyasema akinitazama mimi, nimejilaza kwenye kochi lake. Nimempigia simu: Ijumaa dunia nzima itayakubali. Akauliza kama dunia itakuja pia kumgeuza mzee kitandani. Mke wangu akaidaka simu, akataka kujua nimeahidi nini tena.

Mchana, mjumbe wa meza ya jirani akaomba sentensi itiwe mabano. Hapa maneno yakitiwa mabano maana yake yana ubishi; mabano yasipofunguliwa, maneno yanafutwa. Huyu kila kitu mabano. Nimembatiza Bwana Mabano. Vita!

Jumanne, tarehe 4
Mbinu: ukinifunga, nakufunga. Bi Mkuu alipotoka kidogo, nikabonyeza kipaza sauti nikaomba mabano kwenye aya ya shule, kipenzi cha Bwana Mabano. Utamu ukanipanda kichwani. Nikaomba na kwenye maji. Na afya. Nikamalizia na neno "pamoja".

Mwenyekiti akauliza, kwa upole, kama nchi yetu inapinga maji. Bi Mkuu akarudi akanikuta bado nimebonyeza. Hakugomba. Alinipokonya kipaza sauti kama mtoto anavyopokonywa kisu, akafuta yote niliyoomba. Adhabu: nijifungie na Bwana Mabano mpaka tuelewane.

Jumatano, tarehe 5
Tumepewa stoo ya viti. Upepo wa kiyoyozi unampiga Bwana Mabano kisogoni, kama kule ukumbini. Kila akisema "bajeti", chafya. Hoja yake: ukiandika "haki", kesho watu wamejaa mlangoni kwa waziri wake. Nikamhutubia juu ya utu. Chafya. Nikamhutubia juu ya historia. Chafya mbili.

Nikaona upenyo. Nikamwambia afungue mabano, nami nitamwachia kiti changu cha ukumbini, kule pembeni pasipofika upepo. Akasema, ndugu yangu, si ungeanza na hilo! Mabano yamefunguka! Tukitoka akaniambia dada yake ndiye anayemlea mama yao, na siku hizi akimpigia huyo dada anakosa la kusema. Sikumsikiliza sana. Nilikuwa nashangilia moyoni.

Alhamisi, tarehe 6
Aya ya tisa imetumwa kwa wajumbe wote kwa barua pepe, kwa utaratibu wa kimya. Asiyejibu mpaka kesho saa sita mchana amekubali. Yeyote akiandika chochote, aya inafunguliwa upya. Bi Mkuu kaniita pembeni. Akasema, baba, mdomo wako nimeuzoea, leo naogopa vidole. Nimeapa.

Mama mkwe anauliza ni nani atakayemshikia zamu akipumzika. Nikamwambia hayo ni mambo ya utekelezaji. Kakata simu.

Ijumaa, tarehe 7
Saa sita kasoro robo, hakuna aliyeandika! Machozi yalinilenga. Kisha wazo likaniuma: dunia inaikubali sentensi bila kujua ni ya nani. Na shukrani si pingamizi, au vipi? Nikawaandikia wote: asanteni kwa kuikubali sentensi YANGU, mimi ni yule anayekaa nyuma ya Bi Mkuu.

Simu zikalia ukumbi mzima, meza kwa meza. Mwenyekiti akatangaza kimya kimevunjwa. Mikono ikainuka: madhali aya iko wazi... Mabano yakamiminika. Bi Mkuu alinitazama mpaka nikahisi nimetiwa mabano mwenyewe.

Na nani akasimama kuitetea? Bwana Mabano! Kutoka kwenye kiti changu! Akasema dada yake hajui siku ya mapumziko, na kama ukumbi unaona haya kulisema hilo, yeye atalisema kwa jina la nchi yake. Mabano yakafunguka moja moja. Sentensi imepita neno kwa neno. Kumbukumbu za kikao zinasema: pendekezo la Bwana Mabano.

Jumamosi, tarehe 8
Nimekwenda kumsomea mama mkwe sentensi na kumsimulia ilivyopita. Akanitaka niirudie. Akakaa. Sijawahi kumwona amekaa. Akasema huyo bwana aliyeitetea ana akili, nimletee namba yake amshukuru. Mke wangu na ndugu zake wakaona haya, wakapanga zamu za kumuuguza mzee hapo hapo. Ya kwanza ni yangu, usiku wa leo. Hakuna aliyeniuliza.

Azimio zima sasa liko kwenye kimya mpaka Jumatatu. Bi Mkuu kanipokonya simu ya kazi. Hajui kwamba nina kompyuta. Baba mkwe amelala, nina nafasi ya kuwaeleza wajumbe wote, kwa ufupi, nani hasa mwenye sentensi. Safari hii nimejihami. Mstari wa kwanza unasema: "Waheshimiwa, tafadhali hesabuni kwamba sijaandika."