Kilo za Zakariye

Jumapili, 7 Septemba

Baiskeli imefika! Kaka yangu Abdisamad ameituma kutoka Minneapolis kwa ajili ya mwanangu Zakariye, na mtaa mzima wa Iftin umekuja kuigusa. Mbele ina foku ya hewa. Si chuma kitupu kama hizi za hapa. Miguu miwili inayong'aa, ndani imejazwa upepo. Gurudumu likiingia shimoni inadidimia, likitoka inanyanyuka. Kama ngamia mwenye adabu.

Mbio za baiskeli ni Jumamosi, kwenye njia za mawe na malaga, vile vijito vikavu, kando ya Tana. Wawili wa kwanza wanakwenda kambi ya mazoezi ya Nairobi. Mmoja nimeshamjua. Nilimzaa mimi.

Fundi Bare amekuja kuijaza upepo kwenye kibanda changu sokoni, ninapouza maziwa ya ngamia. Pampu ya kawaida haifai. Inatakiwa ndogo maalumu, yenye geji, na mjini tunaijua moja tu: ya Mohamedamin, mwana wa Khadra, ambaye naye ana foku ya hewa na yumo kwenye mbio. Khadra naye anauza maziwa, kibanda cha pili kutoka changu. Aliileta kwa mkono wake ili kila mtu aone imetoka kwake. Anaiita "bambu". Mimi nasema pampu. Nilifika darasa la sita.

Bare akasoma karatasi iliyobandikwa nyuma ya mguu wa foku: kilo upande huu, upepo upande huu. Akauliza Zakariye ana kilo ngapi. Zakariye alikuwa chuoni. Wateja sita walikuwa wamesimama. Khadra alikuwa ametega sikio. Mtoto wa muuza maziwa! Ningesema nini mimi?

Nikasema sabini na sita.

Khadra akakohoa.

Bare akajaza. Akaniachia maagizo: Zakariye akikaa juu ya kiti, kile kipete cha mpira kwenye mguu wa foku kishuke upana wa kidole kimoja. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kikavu kila akirudi. Kisipakwe kitu. Nimeshika yote. Kichwa changu ni daftari.

Jumatatu, 8 Septemba

Zakariye amekaa juu. Kipete kimeshuka hatua ya siafu.

Akasema, hooyo, mama yangu, hii ni ngumu, twende kwa Bare. Lakini Bare amekwenda Dadaab kutengeneza baiskeli za watu, harudi mpaka Jumamosi. Alhamdulillahi. Nikamwambia mwanangu foku ni kama kiatu, kipya lazima kibane.

Hakuridhika. Basi alipokwenda kutawadha nikasukuma kipete kwa kidole. Upana wa kidole kimoja kamili! Akarudi, akaona, akatabasamu, akaenda zake kwenye mawe.

Amerudi mikono ikitetemeka. Kikombe cha chai kilipiga meno. Nikamkanda viganja kwa subag, samli yetu, mpaka akasinzia begani kwangu. Miaka ishirini na moja, na bado ana harufu ileile ya utotoni. Moyo ukaniuma kidogo. Kidogo tu. Foku si mbaya. Kilichobaki ni kilo.

Jumanne, 9 Septemba

Mpango mpya. Kama foku imejazwa kwa mtu wa sabini na sita, basi mtu awe sabini na sita. Rahisi!

Asubuhi nimempima kwenye mizani ya muuza makaa, nikimwambia ni mambo ya afya. Hamsini na saba. Nikamwuliza muuza makaa kama mizani yake ni nzima. Akasema ndiyo, ila makaa huwa hayaji na mama.

Zinapungua kumi na tisa. Nimempa mikate ya anjera kumi na miwili. Maziwa lita mbili. Nyirinyiri, nyama yetu ya kukaushwa, bakuli zima, ile niliyomwekea mjomba wake. Kila akisimama nakohoa, anakaa. Ilipofika alasiri mazoezi yalimshinda. Amelala chali, ananiita kwa sauti ndogo, hooyo, nimekukosea nini.

Jioni: hamsini na saba na nusu. Mashallah! Kwa mwendo huu tutafika. Si Jumamosi, lakini tutafika.

Jumatano, 10 Septemba

Leo nimegundua jambo ambalo hata Bare hakulitaja. Chini ya foku kuna kitufe chekundu. Upande mmoja kimechorwa sungura, upande mwingine kobe. Kilikuwa karibu na kobe!

Nani anayeweka mtoto wake kwenye kobe siku tatu kabla ya mbio? Nikakizungusha kwa sungura mpaka kikagoma.

Zakariye amerudi kwa miguu, baiskeli begani. Anasema foku imemrusha mara tatu kama ngamia anayekataa kukamuliwa. Kumbe kitufe hakihusiki na mbio za mtu. Kinahusika na foku kunyanyuka: sungura ni haraka, kobe ni taratibu. Mbona hawakuchora foku? Amekirudisha kilipokuwa. Akaniuliza nani aliyekigusa. Nikasema sijui, labda njiani.

Khadra amenikuta namfunga goti. Akauliza kijana wa kilo sabini na sita anaangushwa na nini. Nikamjibu uzito ndio huo, akianguka hata ardhi inasikia.

Alhamisi, 11 Septemba

Subag ililainisha viganja vya mwanangu. Basi nikafikiri, chuma nacho kina tofauti gani na kiganja?

Niliipaka miguu yote miwili ya foku, kwa ukarimu. Iling'aa kama harusi. Zakariye akaenda nayo ng'ambo ya daraja, kwenye vumbi lile jekundu. Imerudi kama samaki aliyevingirishwa kwenye unga. Vumbi limeshika mpaka kwenye mipira ya kuzuia uchafu, na foku sasa inakwaruza, krr, krr.

Amekaa saa nzima anafuta kwa fulana yake nzuri. Halafu akauliza nani amepaka. Nikasema labda paka. Akaniangalia. Akasema, hooyo, paka gani anayepaka samli miguu miwili sawasawa?

Alikuwa anafuta polepole, kama mtu aliyekwisha kukata tamaa. Kisha akasema labda asishiriki, asije akaniaibisha mbele ya Khadra.

Aniaibishe! Yeye, mimi!

Nimeshindwa kula.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimekata shauri kurekebisha mwenyewe. Upepo umezidi wa kilo kumi na tisa. Basi nitoe wa kilo kumi na tisa. Zakariye alikuwa msikitini. Nikafungua kofia ya valvu juu ya foku, nikabonyeza kwa pini ya buibui. Kidogo tu.

Psssss!

Foku ikapiga magoti hapo hapo. Ikakaa. Haikuinuka. Mbio kesho saa moja asubuhi, Bare yuko Dadaab, na pampu iko Waberi nyumbani kwa Khadra.

Sikukaa kuwaza, kwa maana ningewaza nisingekwenda. Nikasukuma baiskeli juani kutoka Iftin hadi Waberi, imeinamisha kichwa kama mimi. Khadra alinipokea vizuri mno. Akaniwekea mkeka, akamimina chai. Mohamedamin akaleta pampu, akaifunga kwenye valvu, akasoma karatasi ile. Halafu akauliza kwa heshima, habaryar, mama mdogo, Zakariye ana kilo ngapi?

Birika la Khadra likasimama hewani.

Nikaona viganja vya mwanangu. Nikaiona ile fulana. Nikasema hamsini na saba.

Na nusu, nikaongeza.

Nilingoja kicheko. Hakikuja. Khadra akaweka birika chini, akatazama mkeka, akamwambia mwanawe, waryaa, we kijana, ukimaliza hiyo, punguza na yako.

Mohamedamin akauliza kwa nini. Wakati huo ndipo nikaona vifundo vya mikono yake vimefungwa bendeji, vyote viwili.

Khadra akasema kwa sababu una kilo sitini na moja.

Kijana akaruka. Hooyo! Si ulimwambia Bare themanini na mbili?

Khadra akasema palikuwa na wateja.

Wallahi, nimecheka mpaka chai ikanitoka puani. Khadra alicheka mpaka akalala kwenye mkeka. Mohamedamin akatuangalia wote wawili, akaendelea kupampu.

Nimemweleza Zakariye yote. Karibu yote. Alikaa juu, kipete kikashuka chenyewe, kidole kimoja. Akanibusu kichwani.

Jumamosi, 13 Septemba

WA PILI! Mwanangu ni wa pili! Wa kwanza alitoka Takaba, lakini huyo ni mrefu. Kwenye mawe foku ilipiga magoti na kuinuka, ikapiga magoti na kuinuka, na Zakariye juu yake ametulia kama amekaa sebuleni. Mohamedamin ni wa tano. Pua ya Khadra ilikuwa nyekundu, ila vigelegele vyake kwa Zakariye vilivuka mto. Nimempa maziwa kibuyu kizima. Aliyaonja, akasema yana maji. Nimemsamehe.

Jumanne, 16 Septemba

Mimi si yule wa juzi. Nimejifunza: uzito wa mtu ni uzito wake, na foku haidanganywi. Nimewaambia wateja wote asubuhi nzima, na Khadra akaitikia.

Saa nne simu ikalia. Mama mmoja wa kambi ya Nairobi, sauti tamu. Wanawaandalia vijana foku mpya, wanazijaza leo. Zakariye alikuwa mbali, anafuta baiskeli kwa kitambaa kikavu. Akaniuliza mimi. Kijana ana kilo ngapi?

Wateja walikuwa tisa.

Nikasema sabini na nane.

Khadra akanikanyaga mguu. Akaninong'oneza, ongeza mbili, Nairobi ni mbali.

Nikaongeza.