Maji ya Firmin Yamelala Juu ya Udongo Wangu

Mheshimiwa Meya,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana ile ya mwezi uliopita nasikia ilikuumiza kichwa.

Kama ujuavyo, bwawa letu hapa Dombes lina wenyewe wawili. Babu alimwachia mama yangu udongo, baba yake Firmin akaachiwa maji. Miaka mitatu binamu yangu Firmin hufuga samaki. Wa nne hufungua lango, maji yakaisha, akanikabidhi ufunguo nami nikapanda shayiri. Huu ni mwaka wangu, na maji bado yapo. Kwa hiyo nalalamika:

1. Samaki wake wanakula matope yangu. Nilipomwambia, alisimama juu ya tuta akacheka: "We Odile, samaki hana miguu, atakukanyagiaje udongo wako?" Ana mdomo, Mheshimiwa. Naomba aamriwe kuwafundisha kula juu juu.

2. Tuta lenyewe alilijenga kwa udongo wa mfinyanzi aliouchimba chini ya bwawa, yaani kwangu. Aliubeba kwa toroli, akaushindilia kwa miguu siku tisa, akaotesha nyasi. Basi tuta ni langu, na maji yake yameliegemea miaka mitatu bila hata asante.

3. Sasa anachimba bwawa la pili kando. Shimo si maji wala si udongo. Ni mahali ambapo udongo haupo. Ofisi yako itamke ni la nani. Kama ni langu, alirudishe lilikotoka.

4. Vyura. Hao nitawaandikia barua yao.

Asipofungua lango kufikia Jumapili, nitapanda shayiri nikiwa ndani ya mtumbwi, na ikiota migongoni mwa samaki nisilaumiwe.

Nisalimie mama watoto, karani wako, na padri, ambaye naye hajanijibu.

Wako mtiifu,
Odile Perrachon, mwenye udongo

N.B. Mbegu sina, na farasi aliyekuwa akila hiyo shayiri alikufa mwaka juzi. Ila desturi inamtaka mwenye maji alete ufunguo kwa mkono wake mwenyewe, aketi, ale chakula cha mchana kwa mwenye udongo. Tangu afiwe na mkewe, Firmin haingii nyumba ya mtu, na mimi roho inaniuma. Bata nimeshachinja. Tafadhali, ufunguo usiletwe na karani.