Mimi, Jicho Kali na Ukurasa wa Ruangwa

Jumatatu, 5 Oktoba 2009
Bi Letisia, katibu wa chama chetu kule nyumbani Ruangwa, anatafuta mwenezi wa kukitangaza chama. Nafasi ni yangu. Leo nimefunga duka langu hapa Nachingwea mapema, nikaenda intaneti ya karibu na stendi. Nimeingia kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaandika na yeyote anafuta. Nimeuandika upya ukurasa wa Ruangwa; sasa unasema barabara, shule, hata kustawi kwa ufuta, vyote vimeletwa na chama chetu. Nimejiandikisha kwa jina la Simba wa Kusini. Limenikaa.

Jumanne, 6 Oktoba
Mtu anayejiita Jicho Kali amefuta yote. Anadai ufuta huota kwa mvua, si kwa hotuba. Mpinzani huyo. Nimerudisha. Amefuta. Nimemwita kibaraka. Ameniita kasuku.

Jumatano, 7 Oktoba
Nimemtega: kama kweli ni mtu wa Ruangwa, ataje kwao. Amejibu Narung'ombe, nyuma ya msikiti, penye kisima alichochimba babu yake. Maji ya kisima kile nimeyanywa utoto wangu wote. Nikajikuta namwuliza kama maji bado yana chumvi. Akasema bado. Nikamwuliza anaandikia wapi. Nachingwea, intaneti ya karibu na stendi. Nikageuka. Mwanamke wa kompyuta ya dirishani naye akageuka. Zulekha, muuza vitenge, kavaa fulana ya upinzani.

Alhamisi, 8 Oktoba
Mtu wa Dar kaandika kwamba Ruangwa iko mkoa wa Mtwara, si Lindi. Tumemshukia wote wawili kwa kompyuta moja, Zulekha akichapa, mimi nikiongeza makali. Ameomba radhi. Tukautengeneza ukurasa wetu pamoja. Mimi nimekubali mvua, yeye amekubali barabara. Nilikaribia kusahau kwamba ni adui.

Ijumaa, 9 Oktoba
Nimempelekea Bi Letisia ukurasa. Kauliza kwa nini upinzani umetajwa, tena kwa wema. Nimemweleza habari za kisima. Kasema nafasi kampa Saturnini. Saturnini hajawahi kugusa kompyuta.

Jumamosi, 10 Oktoba
Sijavunjika moyo. Kosa lilikuwa jina, Simba keshajulikana. Kuanzia leo mimi ni Bibi Teodosia, mzee asiye na chama, nami nitausafisha ukurasa kimyakimya. Jicho Kali hatashuku chochote. Kufungua akaunti ya pili kulinishinda kidogo, lakini Zulekha amenisaidia. Hata neno la siri kanichagulia yeye.