Hotuba ya Kuipatia Bac Yetu Akili ya Mashine

Citoyen Commissaire, citoyen unayemwakilisha Citoyen Commissaire aliyeshindwa kufika, waheshimiwa wajumbe wa Chama-Dola, militants na militantes wa Kisangani, kikundi cha animation mliocheza tangu asubuhi bila kunywa maji, na ninyi wa ng'ambo mliokuja kwa pirogue, mitumbwi yenu myembamba: mimi, Mkurugenzi wa Tume ya Kuvusha kwa Akili, nawasalimu. (Makofi, kwa kuwa kiongozi wa makofi ameinua mkono.)

Bon. Mnauliza kwa nini bac, kivuko chetu, imefungwa kwenye nguzo tangu Pasaka. Haikufungwa, iko katika mpito. Ordinateur yetu, yaani kompyuta, itaongozwa kwa ile lugha ya chini kabisa inayozungumza na chuma chenyewe, na ndani yake kuna tiroir, yaani droo, na ndani ya tiroir hatuweki namba kama walivyofanya wakoloni, tunaweka kazi nzima, iliyofungwa pamoja na kila inachokijua: kina cha maji, mafuta, hata mafungu ya mchanga. Kazi ikichakaa unaitoa, unaingiza nyingine, tiroir inabaki palepale, kama kiti cha commissaire. (Vicheko. Vinakatika ghafla.) Asilimia mia ya wataalamu wanasema kazi mpya haiingii mpaka ya zamani itoke. Donc, kwa maono yangu, tulianza na kutoa. Papa Assumani, aliyeendesha bac akiujua mto wote kichwani, tulimhamishia kule mbali Opala kulinda bendera. Sasa tiroir ni tupu kabisa, na hayo ndiyo mafanikio ya awamu ya kwanza.

(Mama Georgette, muuza samaki, anasimama: «Papa directeur, mutoto wangu Julie iko ngambo, mimba imefika, anaweza kuzala leo. Hôpital iko huku. Pirogue ndogo itamupindua. Nani atamuvusha?»)

Swali la kimapinduzi, mama. Atavushwa na kazi mpya, mara tu itakapowekwa. Namwomba ajizuie kwa nidhamu ya Chama. (Kiongozi wa makofi anaangalia viatu vyake.)

Kazi ya zamani itoke! (Itoke!) Kazi mpya iingie! (Wachache: iingie.) Tiroir idumu!

Nahitimisha kwa kukishukuru Chama kilichoniamini, na seremala Sébastien aliyechonga sanduku hili zuri lililofunikwa kwa bendera, litakalopokea ordinateur siku tutakapojua inaagizwa wapi. Usilie, mama Georgette. Sanduku ni la mbao ngumu, jana tulilijaribu mtoni, linaelea. Julie alazwe humo, avushwe. Bendera tu ndiyo tutaomba ibaki kavu.